Seva moja kubeba barua pepe, faili na faiawoli: nikubali?

mhasibu_moshi
Wakuu, habari za jioni. Ofisi yetu hapa Moshi ina watu 11. Seva ni moja: RAM GB 16, diski mbili za TB 2, kadi mbili za mtandao. Bosi anataka ibebe kila kitu: Postfix na Dovecot kwa barua pepe, Samba kwa faili za wateja, na nftables iwe faiawoli ya kulinda mlango wa intaneti. Nimepima, mashine inamudu. Nikubali?

waya_mbili
Itamudu mkuu. Microsoft wenyewe waliuza mchanganyiko huo: Small Business Server 2003 Premium ilikuwa na Exchange (barua pepe), faili na ISA Server (faiawoli) kwenye mashine moja. Ila toleo la 2008 likaja bila ISA.

fundi_wa_tanga
Mkuu, faiawoli isikae humo. Mwaka 2019 nilimfungia mteja seva ya namna hiyo. Ijumaa jioni nikafuta sheria zote za nftables ili niandike mpya, nikapigiwa simu ya dharura, nikaondoka. Ofisi ilishafungwa, hakuna wa kushtuka kwamba intaneti imekatika. Samba ilikuwa inasikiliza kadi zote mbili, hata ile ya intaneti, na folda moja niliiacha mgeni aandike bila nywila. Poti 445, mlango wa Samba, ikakaa wazi hadi Jumatatu. Tulikuta folda tupu, limebaki faili moja la kudai pesa. Bakapu ilikuwa ya wiki iliyotangulia, kwa hiyo watu wakarudia kazi ya siku tano kwa mkono. Bado inaniuma.

Ingekuwa ruta peke yake mlangoni, kosa lile lingekata intaneti tu, kwa sababu anwani za ndani hazifikiki kutoka nje. Kiruta kidogo cha MikroTik kinatosha watu 11. Barua na Samba zikae pamoja, ila barua uzipe patisheni yake, yaani sehemu yake ya diski. Viambatisho vikijaza diski, Samba nayo haiandiki.

mhasibu_moshi
Pole sana fundi. Kuna hEX (ruta ya MikroTik) ya zamani stoo, kesho naitoa. Nipitishe poti zipi?

fundi_wa_tanga
25 ya kupokea barua, 993 ya kuzisoma, na 587 kwa wanaotuma wakiwa nje. 445 usiifungue kamwe. Mtoa huduma akupe IP ya kudumu yenye rekodi ya PTR (inayoonyesha jina la seva ya IP hiyo), la sivyo Gmail watazikataa barua zenu. Na kabla hujagusa sheria yoyote ukiwa mbali, washa Safe Mode: ukikatika, ruta inarudisha za mwanzo yenyewe.