Dharau ndani ya nyumba: mnaitofautishaje na hasira ya kawaida?

Mjumbe_Ipogolo: Wakuu, kamwene. Kwenye baraza la usuluhishi la kata huku Iringa, kila mwanandoa anakuja na neno moja: "ananidharau". Ukiwasikiliza, wengine ni hasira tu za siku mbili. Mnatofautishaje, na mnawapa nini cha kufanya wakifika nyumbani? "Heshimianeni" tumeisema mpaka imechuja.

Dada_Uyole: Mkuu, sikiliza sentensi inapiga wapi. Mume kauza viazi kwa lumbesa bila kumwambia mke. Mke akisema "Umeuza bila kuniuliza, na ada ya mtoto tuliitegemea hapo", hilo ni lalamiko, lina dawa. "Wewe kila siku ni hivyo hivyo" ni lawama. Akisonya, akamtazama kuanzia viatuni, "Kwani kwenu nani aliwahi kujua hesabu?", hapo ndipo dharau ilipo. Mwenye hasira bado anakudai kitu. Mwenye dharau ameshakuweka chini yake.

Tazama na mdomo: pembe moja inabana na kupanda, upande mmoja tu. Wanasaikolojia wa Marekani, Ekman na Friesen, waliandika kuhusu alama hiyo mwaka 1986. Sauti inaweza kuwa ya upole kabisa, ndiyo maana wazee inawapita.

Chai_Tukuyu: Utani je? Huku watu wanatukanana wakicheka.

Dada_Uyole: Utani unarudishwa. Kama mmoja tu ndiye anayechomwa, na akijibu inakuwa kesi, huo si utani.

Mshauri_Njombe: Ya nyumbani sasa. John Gottman, Mmarekani aliyewarekodi wanandoa wakibishana, anaiweka dharau juu ya lawama, kujitetea na kununa kama dalili ya talaka. Kwake, mapigo ya moyo yakipita 100 kwa dakika mtu hasikii tena, kwa hiyo wasimamishe mabishano na kila mmoja akae kando walau dakika 20. Wataje saa ya kurudi, siku hiyo hiyo. Asiyeitaja anaonekana amesusa. Kinachoharibu ni kwenda nje kupanga mashtaka mapya. Apasue kuni, achambue maharage, kesi aiache ndani.

Wakirudi, aliyekosa alitaje neno lenyewe: "Nilikosea kuwaingiza wazazi wako." Ile "samahani kama umeumia" inamrudishia mwenzake kosa. Lilisemwa mbele ya watoto au mawifi? Lifutwe mbele ya hao hao.

Halafu kuna hesabu ya 5 kwa 1: wanaodumu, hata katikati ya mabishano, mema huwa matano kwa baya moja. Shukrani itaje kitendo, mfano "umewasha jiko mapema na baridi hii". Ukiongeza "lakini", umeifuta.

Dada_Uyole: Na wazee waache "vumilia, mama". Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinatambua ukatili wa kiakili, si kipigo tu. Ukiona mmoja anamtazama mwenzake kabla ya kujibu, usiwahoji pamoja. Kipigo kikiwepo, peleka dawati la jinsia polisi. Hesabu ya 5 kwa 1 haina kazi hapo.

Mjumbe_Ipogolo: Asanteni. Tukiwahoji mmoja mmoja, aanze nani?

Mshauri_Njombe: Aliye kimya. Akianza msemaji, huyu mwingine atabaki kujibu mashtaka tu, lake hamtalisikia.