Sakafu na kuzuia joto juu ya dari ya gereji: plaiwudi au mbao, sufi ya kioo au karatasi ya fedha?

Wa_Bombo
Salaam wakubwa. Nina gereji ya gari moja ubavuni mwa nyumba, hapa Bombo, Uganda, paa la mabati. Juu ya dari kuna nafasi kubwa inakaa bure. Nataka kutandika sakafu niweke vitu, na joto lipungue, maana saa nane mchana mle hukai. Fundi mmoja anasema plaiwudi na sufi ya kioo, yale mablanketi ya nyuzi za kioo. Mwingine anasema mbao za paini na ile karatasi ya fedha yenye mapovu. Ijumaa nateremka Ndeeba, Kampala, kununua. Nichukue ipi?

Fundi_Kalisizo
Ndugu, hujatuambia kitu. Boriti za dari ni mbao za ngapi kwa ngapi? Zimesimama au zimelazwa? Zinavuka mita ngapi ukuta hadi ukuta? Na unaweka nini, nguo au magunia ya mahindi? Bila majibu hayo usinunue hata msumari.

Mama_Walukuba
Mimi plaiwudi siitaki nyumbani kwangu. Tone moja la paa linalovuja na inaanza kufumuka tabaka kwa tabaka. Chukua paini iliyotiwa dawa ya mchwa, ile ya kijani. Ubao mmoja ukiharibika unang'oa huo mmoja, basi.

Juu_ya_Arua
Plaiwudi nzuri haifumuki ovyo, dada. Ila mimi naona joto ndilo swali gumu. Mabati yakishapigwa jua yanamwaga joto chini kama jiko la makaa. Karatasi ya fedha inalirudisha, lakini uso wake unaong'aa lazima utazamane na nafasi ya hewa, walau sentimita mbili. Ukiibana ikagusa bati, joto linapita moja kwa moja. Sufi ya kioo nayo ukiigandamiza chini ya ubao inapoteza kazi, kwa sababu hewa iliyomo ndiyo inayozuia joto. Halafu fikiri: ukiilaza chini ya sakafu, gereji itapoa lakini vitu vyako huko juu vitaendelea kuiva. Kama unahifadhi vitu, zuia joto kule kwenye paa.

Mzee_wa_Mbale
Mwanangu wa Bombo, nisikilize kabla ya Ijumaa. Nilitandika plaiwudi juu ya boriti za inchi mbili kwa nne zinazovuka mita tatu na nusu. Fundi akakata na zile mbao za mshazari za kenchi, yaani fremu inayobeba paa, ili tupate njia ya kupita. Mwanzoni tuliweka masanduku ya nguo, hapakuwa na shida. Kisha nikapandisha vigae vilivyobaki, maboksi kumi na manne, na vitabu vya marehemu baba. Dari ikaanza kutumbukia katikati kama machela. Nikasema ni mbao inazoea. Usiku mmoja wa mvua tukasikia mlio, tukakuta kila kitu kiko juu ya gari. Jioni ile ile wajukuu walikuwa wanachezea pale. Mpaka leo nikiona mtu anapandisha boksi darini moyo unanienda mbio.

Fundi_Kalisizo
Pole sana mzee. Kenchi haikatwi, hata kipande. Boriti za dari nyingi hapa kwetu zimewekwa zishike dari tu. Kanuni za Marekani zinakadiria kama kilo 50 kwa mita ya mraba kwa dari isiyowekwa kitu, na kama kilo 100 ikiwekwa vitu vichache. Mbao ya inchi 6 iliyosimama ina ugumu wa kukataa kupinda unaozidi mara tatu ule wa mbao ya inchi 4 yenye unene ule ule. Pesa ya plaiwudi itangulie kwenye boriti.

Mama_Walukuba
Na popo? Mkiziba matundu ya paa na popo wamo ndani, watafia humo. Kwangu harufu ilikaa wiki tatu.

Nakawa_Mashariki
Popo waondolewe wote, wanaleta Marburg, ule ugonjwa hatari wa virusi!

Juu_ya_Arua
Tusiwatishe watu. Wachimbaji walioambukizwa mwaka 2007 walikuwa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, na popo wa huko ni wale wakubwa wanaokula matunda, wanaokaa mapangoni. Wa darini kwa kawaida ni wadogo wanaokula wadudu. Lakini kinyesi chao usikifagie kikavu. Kinyunyizie maji kwanza, ufunge pua na mdomo. Matundu yazibwe usiku wakishatoka, na siyo msimu wa vitoto.

Nakawa_Mashariki
Mimi bado siwataki.

Mama_Walukuba
Hata kama wanakula mbu?

Wa_Bombo
Asanteni. Nimepanda na tochi: ni mbili kwa nne, zimesimama, zinavuka mita 3 na sentimita 20. Na kweli kuna popo upande wa magharibi. Je, nikipigilia mbao ya inchi 6 ubavuni mwa kila boriti inatosha, au nitoe zote?

Fundi_Kalisizo
Inategemea kama hiyo mpya itafika kukaa juu ya kuta pande zote mbili. Na bado hujasema unaweka nini.