Naomba ushauri: mishikaki ya kondoo ya Kigiriki

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu kuhusu mishikaki ya nyama ya kondoo wanayoiita Wagiriki souvlaki, ambayo nakusudia kuwachomea wageni nyumbani. Natumia nyama ya paja, ambayo huikata vipande vya sentimita 3 hivi na kuiloweka katika mafuta ya zeituni, maji ya limau, kitunguu saumu na oregano kavu, kiungo ambacho kwa maoni yangu ndicho roho ya chakula hiki na hakifai kubadilishwa kwa bizari. Tatizo ni limau: nyama ikilala nalo usiku kucha, nje hugeuka kijivu na kulegea kama imechemshwa, lakini ikikaa muda mfupi ladha haikolei. Je, niloweke kwa mafuta na viungo pekee, kisha limau nilikamulie nyama inapotoka motoni? Vilevile, mafuta ya kondoo yakidondokea makaa, moto huruka na kuunguza nyama kabla ndani haijaiva. Nanyi mnayapangaje makaa jikoni? Mwisho, mtindi wa kutengenezea tzatziki (mchuzi mzito wa mtindi na tango) nauchuja kwa kitambaa safi, na tango lililokunwa nalikamua maji, ila bado mchanganyiko ni mwepesi. Nitashukuru kwa maelezo ya kina.