Samaki nyota wangu wamelegea, niko Dodoma. Msaada wakuu

Nkuhungu Kwetu

Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma, Nkuhungu, na jambo langu msinicheke.

Nina tangi la kioo la lita 120, kanitengenezea fundi wa aluminiamu hapa mtaani. Maji ni ya bahari kabisa. Shemeji yangu ana kenta, mwezi wa tano alikuwa anarudi tupu kutoka Dar, nikamwomba, akaniletea madumu manane ya lita 20. Sita yakaingia tangini, mawili nikaweka akiba ya kuongezea maji yakipungua. Pampu ipo, mawe yapo, na samaki wawili wadogo wa machungwa wenye mistari myeupe wako salama mpaka leo.

Siku 16 zilizopita nikaletewa samaki nyota wawili. Mkubwa ana upana wa kisosi na vinundu vyekundu mgongoni, mwingine mdogo. Nikaondoa kifuniko cha kioo ili wapate hewa. Wiki ya kwanza raha tupu. Usiku unawakuta wamepanda kioo, vile vimiguu vyao vimeng'ang'ania kama vidole vya mtoto kwenye dirisha la daladala. Watoto wa majirani walikuwa wanamtoa mkubwa, wanapiga naye picha, wanamrudisha.

Tangu juzi mkubwa amekunja ncha za mikono kwenda juu na ana madoa meupe. Mdogo kalala chini, ukimgusa amelegea kama chapati iliyodondokea kwenye chai. Jamaa wa duka la pembejeo anasema ni fangasi, niweke mrututu. Kwa lita 120 niweke kiasi gani?

Mwana Kilwa

USIWEKE MRUTUTU. Soma tena hapo juu kisha uendelee.

Mrututu ni shaba. Shaba inatumika kweli kutibu baadhi ya magonjwa ya samaki, lakini kwa kamba, konokono, kaa na huyo wako ni sumu. Na ikishaingia haitoki kirahisi, inajificha kwenye mawe na mchanga. Utabadilisha maji mara tatu na bado ipo.

Halafu ndugu yangu, huyo si samaki. Sisi watu wa pwani tunamwita kiti cha pweza.

Mnyaturu Asilia

Dar mnaendea nini? Singida hapa tuna maziwa ya Kindai na Singidani, maji ya chumvi ya bure, unachota ukiwa umevaa ndala 😂

Mwana Kilwa

Ya Singida ni chumvi ya magadi, mzee. Ya bahari ina mchanganyiko wake wa magnesiamu, kalsiamu na vingine, kwa vipimo vyake. Chumvi ya mezani nayo ni hivyo hivyo, haigeuzi maji kuwa bahari. Waachie heroe ziwa lao.

Mama Area C

Kaka Nkuhungu, kabla ya dawa nijibu maswali matatu. Chumvi ya maji unapima na nini? Lile dumu la akiba limefika wapi? Na siku wanafika uliwaingizaje?

Nimefuga wa maji chumvi hapa Dodoma muda mrefu kidogo, nimewaua wengi tu, kwa hiyo siulizi kwa ubaya.

Nkuhungu Kwetu

Dada, kipimo sina. Maji si ni ya bahari yenyewe? Dumu la kwanza limekwisha, la pili nimeshachota kama lita nne. Kuwaingiza, niliuacha mfuko uelee juu ya maji dakika kumi, nikawamimina.

Mama Area C

Basi ugonjwa wako nimeuona. Ni kifuniko na madumu.

Maji yakikauka, chumvi haiendi popote. Kinachopaa ni maji matupu. Na wewe unajua upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba, nguo nzito unaanika saa nne, saa sita unazikunja. Umefunua tangi kwenye hewa hiyo, likapoteza lita 24 kwa siku 16, nawe ukarudisha lita 24 za maji ya bahari yenye chumvi yake.

Piga hesabu. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Lita 120 ni gramu 4,200. Umeongeza 24 mara 35, gramu 840. Sasa una gramu 5,040 kwenye maji yale yale lita 120. Hiyo ni gramu 42 kwa lita. Samaki ana figo na matamvua ya kupambana na chumvi, anavumilia. Kiti cha pweza hana kinga hiyo. Hata damu hana, anavuta maji ya bahari mwilini na kuyatumia kusukuma vile vimiguu. Maji ya nje yakibadilika, na yeye ndani anabadilika. Ndiyo maana kalegea.

Kwa hiyo ukiongezea maji yaliyokauka, ongezea MAJI BARIDI, yasiyo na chumvi. Ya bahari weka pale tu unapotoa maji machafu na kubadilisha.

Chang'ombe Fundi

Kumbe! Hata mimi ningeongezea yale yale.

Nkuhungu Kwetu

Dada nimeduwaa. Nimwage maji ya bomba lita 20 leo hii?

Mama Area C

Hapana! Utamuua kwa haraka ile ile. Toa lita 3 za tangini kila siku, rudisha lita 3 za maji baridi, taratibu, kwa siku saba. Hapo chumvi itashuka karibu gramu moja kwa siku. Kinachokauka nacho kirudishie maji baridi hayo hayo.

Na si ya bomba. Maji yetu mengi yanatoka visima vya Makutupora, ni magumu, angalia tu birika lako lilivyoota magamba meupe. Nunua kwa wale wanaojaza maji yaliyochujwa kwa mtambo. Mvua ungekinga, lakini tusubiri Desemba.

Rudisha kifuniko, acha upenyo wa vidole viwili, hewa inaletwa na pampu. Tafuta haidromita, kile kipimo cha chumvi ya maji, mshale usome 1.025 au 1.026. Na weka hita, usiku wa Julai hapa si wa bahari ya Hindi. Nyuzi 25 zinatosha, zisipandepande.

Yule mdogo mchungulie kila baada ya saa chache. Akianza kumeguka au kunuka, mtoe papo hapo, anaoza haraka na amonia yake itawamaliza wote.

Mwana Kilwa

Niongezee mawili. Watoto wasimtoe nje ya maji. Ukitaka kumhamisha, zamisha bakuli, apande mwenyewe, umbebe ndani ya maji yake. Na ukileta mwingine, dakika kumi hazitoshi. Nenda duka la dawa, nunua mpira wa dripu, dondosha maji ya tangi kwenye ndoo yake tone kwa tone saa mbili tatu.

Chakula unampa nini? Huyo wa vinundu vyekundu ni mla nyama, asiposhiba atawinda hata konokono wako. Wengi wanakufa kwa njaa, tena polepole, mtu anadhani ni ugonjwa.

Na walitoka wapi? Kama ni Mbudya au Bongoyo, hayo ni maeneo tengefu, kuokota viumbe hairuhusiwi.

Nkuhungu Kwetu

Nilikuwa nawapa chakula cha samaki cha punje. Walikotoka kijana hakusema, na mimi sikuuliza. Hilo nimelipokea.

Nkuhungu Kwetu (siku tisa baadaye)

Wadau mrejesho. Mdogo alikufa usiku wa pili, nilimtoa alfajiri. Mkubwa ncha ya mkono mmoja imekatika, lakini haidromita niliyoazima kwa dada inasoma 1.026. Jana nimenunua kamba wa barafu soko la Majengo, nikakata kipande kama ukucha, nikamsogezea kwa kijiti. Alikaa kama hakioni. Baada ya dakika ishirini akakipanda, akajiinamisha juu yake kama kuku anayeatamia. Asubuhi kamba hakuna.

Mama Area C

Mkono utaota, ila uwe mvumilivu. Mpe mara mbili tatu kwa wiki, kinachobaki kitoe.

Mwana Kilwa

Safi. Ila ujue anaweza kufika sentimita 30. Hilo tangi ni chumba cha kupanga tu.

Nkuhungu Kwetu

Mke wangu anasoma uzi huu, mkuu, taratibu. Shemeji anashuka Dar Alhamisi, nimwambie achote wapi?

Mwana Kilwa

Mbali na mdomo wa Msimbazi, mbali na mto wowote. Maji yakiwa yamejaa, siyo yakitoka. Na madumu yasiwe yaliyowahi kubeba mafuta, hata kama ameyaosha kwa Omo mara nne.