Gramu 3.99 au 6.24? Gumzo la familia kuhusu mrututu

Neema, saa 1:10 usiku
Shikamooni wakubwa. Shangazi, ninaomba unisaidie kabla ya zoezi la maabara la kesho. Tulitakiwa kutayarisha mililita 250 za myeyusho wa mrututu (salfeti ya shaba) wenye mkolezo wa moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa chembe za kemikali). Nilizidisha 0.1 kwa 0.25 nikapata moli 0.025, kisha nikazidisha kwa 159.5, yaani gramu za moli moja, jumla ya shaba, salfa na oksijeni nne, nikapata gramu 3.99. Mwalimu alipoulinganisha na wa kwake, wangu ulikuwa umefifia, na sioni nilipokosea.

Shangazi Rehema, saa 1:18 usiku
Marahaba mwanangu. Hesabu ya moli ni sahihi. Niambie kwanza, chumvi uliyoipima ilikuwa ya rangi gani, na lebo ya kopo imeandikwaje?

Neema, saa 1:21 usiku
Ilikuwa ya buluu, yenye punje kama za chumvi ya mawe. Lebo inasema CuSO4, halafu kuna nukta na 5H2O. Maji hayo sikuyahesabu kwa sababu chumvi ilikuwa kavu kabisa kwenye kijiko.

Shangazi Rehema, saa 1:32 usiku
Hapo ndipo ulipoteleza. Maji hayo hayailowanishi chumvi kwa nje, bali yamefungwa ndani ya punje zenyewe, molekuli tano kwa kila moja ya mrututu, na ukizipasha moto sana yatatoka na kubaki unga mweupe. Mizani haichagui, inapima maji pamoja na chumvi. Kwa hiyo ongeza 90 za maji (tano mara 18) kwenye 159.5, upate 249.5. Gramu zako 3.99 zilikuwa moli 0.016 tu, na mkolezo ulioupata ni kama 0.064 badala ya 0.1.

Baba Mdogo Salehe, saa 1:40 usiku
Shemeji, mbona sisi kwenye dawa ya kunyunyizia mibuni tunatia kilo moja ya mrututu na kilo moja ya chokaa kwa lita 100 za maji, na hatujawahi kutoa hesabu ya maji ya ndani?

Shangazi Rehema, saa 1:47 usiku
Kipimo chenu kiliwekwa kwa kilo za mawe hayo hayo ya buluu, kwa hiyo maji yake yamo tayari ndani ya kipimo. Neema anatakiwa kuhesabu moli, na moli haijulikani mpaka ujue punje imebeba nini.

Neema, saa 1:52 usiku
Basi ni 0.025 mara 249.5, sawa na gramu 6.24. Nikishapima, nimimine maji mililita 250 juu yake?

Shangazi Rehema, saa 2:05 usiku
Hapana, na hili wengi hulikosea hata wakiwa wamepiga hesabu vizuri. Mililita 250 ni ujazo wa myeyusho uliokamilika, si wa maji unayotia. Yeyusha chumvi yote ndani ya bika kwa maji yaliyokenekwa kama mililita 100, ukikoroga kwa kijiti cha kioo mpaka isibaki punje hata moja, kisha mimina kwa faneli kwenye chupa ya ujazo yenye shingo nyembamba. Suuza bika, kijiti na faneli mara mbili au tatu, na maji yote ya kusuuzia yaingie humo humo, kwa sababu buluu inayobaki ukutani mwa bika ni chumvi uliyokwisha kuipima. Ukikaribia alama, ongeza tone kwa tone huku jicho lako likiwa sawa na alama, mpaka sehemu ya chini ya upinde wa maji iiguse. Ukiipita, anza upya, kwa maana ukichota kilichozidi utachota na chumvi.

Neema, kesho yake, saa 5:26 asubuhi
Shangazi, mizani ilisoma 6.24, na safari hii rangi imelingana na ya mwalimu. Kwenye chupa nimeandika jina la chumvi pamoja na ile 5H2O, mkolezo na tarehe.