Naombeni ushauri: mteja anaweza kusoma maoni ya ndani kwenye programu yetu ya miradi

Msimamizi_Seva
Wakuu, habari za kazi. Nina jambo linaninyima usingizi, naombeni mawazo ya wenye uzoefu.

Ofisini tunatumia programu huria ya kusimamia miradi, tumeisimika kwenye seva yetu wenyewe. Jina lake silitaji kwa sasa maana watengenezaji bado hawajui. Watumiaji wako wa aina 3: wafanyakazi, wakandarasi na wateja. Mteja anatakiwa aone mradi wake tu, na hata ndani ya mradi huo asione maoni tuliyoyawekea alama ya "ndani". Huko ndiko tunakoandika mambo ya gharama, nani kachelewesha kazi, na kuna mahali pameandikwa hali ya afya ya mwenzetu aliyeomba apunguziwe majukumu.

Nilikuwa nachunguza kwa nini ukurasa mmoja unafunguka taratibu. Nikaingia kwa akaunti ya majaribio yenye ruhusa za mteja, nikabonyeza F12 na kuangalia seva inarudisha nini. Kwenye skrini hakuna oni la ndani hata moja. Kwenye jibu la seva yamo yote: maandishi kamili, jina la aliyeandika, saa, na kila moja limebeba alama inayosema ni la ndani. Yaani seva inayatuma mpaka kwenye kompyuta ya mteja, halafu kivinjari ndicho kinachoambiwa kiyafiche.

Nikaangalia na anwani ya ile kazi. Inaishia hivi: /api/kazi/4182. Nikaweka 4183, ambayo ni kazi ya mradi mwingine wa majaribio ambao akaunti ile haimo kabisa. Ikafunguka bila swali.

Naanzia wapi? Nizime seva nzima? Nitajuaje kama kuna mtu ameshaona? Na watengenezaji niwaandikie vipi bila kuwapa wengine njia?

Kitasa
Pole sana, na umefanya vizuri kuangalia jibu lenyewe badala ya kuamini skrini. Hizo ni kasoro 2 tofauti, usizichanganye kwenye ripoti. Ya kwanza, seva inatoa zaidi ya inachotakiwa kutoa. Ya pili ndiyo ile inayoitwa IDOR: unabadilisha namba, unapewa mali ya mtu mwingine. Seva inauliza "umeingia?" na kuishia hapo, haiulizi "hii kazi ni yako?". Ni kama mlinzi wa getini anayekagua kitambulisho, halafu ndani vyumba vyote havina kitasa.

Usidhani ni jambo dogo kwa sababu ni rahisi. Orodha ya hatari kubwa ya mwaka 2021 ya OWASP, jumuiya ya usalama wa programu, iliipandisha kasoro ya udhibiti wa ufikiaji (nani anaruhusiwa kuona nini) kutoka nafasi ya 5 iliyokuwa nayo mwaka 2017 hadi nafasi ya 1. Na mwaka 2019 kampuni ya Marekani, First American, iligundulika kuacha nyaraka zipatazo milioni 885 za miamala ya nyumba na ardhi zikisomeka na yeyote aliyebadilisha namba kwenye anwani ya ukurasa. Hakukuhitajika utaalamu wowote.

Chapchap
Suluhisho si mbali mkuu. Toeni hizo namba za mfululizo, wekeni UUID, yaani vitambulisho virefu visivyofuatana, hakuna atakayekisia. Halafu andika skripti ipitie namba zote kuanzia 1 uone ni kazi ngapi zinafunguka, ndipo uwe na ushahidi mzito wa kuwapelekea.

BintiKanzidata
Chapchap, nakupinga kwa yote mawili.

UUID ya toleo la 4 ina biti 122 za bahati nasibu, kweli haikisiki. Ila kitambulisho cha kazi hakikai gizani. Kinatembea kwenye barua pepe za taarifa, kwenye viungo watu wanavyotumiana, kwenye historia ya kivinjari. Mkandarasi aliyeondolewa kwenye mradi bado anavyo vitambulisho vyote vya zamani. Hata waraka wenyewe uliozielezea UUID, RFC 4122 wa mwaka 2005, unaonya zisitumike kama kibali cha kuingilia. Ziwekeni kama mnapenda, lakini ukaguzi wa ruhusa lazima ufanyike kwenye seva, kila ombi, kwa kila kitu kinachoombwa.

Na hiyo skripti, tafadhali dada Msimamizi, usiiandike. Ushahidi unao tayari: akaunti 1 ya majaribio, miradi 2 ya majaribio, namba 1 iliyobadilishwa. Ukipitia kazi zote utakuwa umesoma siri za watu ambazo hata wewe hukupaswa kuzisoma, na utachafua kumbukumbu za seva kiasi kwamba hutajua tena maombi gani ni yako na yapi ni ya mvamizi.

Mzee_wa_Logi
Hapo kwenye kumbukumbu za seva ndipo nataka tukae kidogo, maana ndizo zenye haraka kuliko yote.

Leo hii, kabla ya kugusa kitu kingine, nakili logi zote za seva na za proksi (seva ya mbele inayopokea maombi kwanza) uziweke nje ya mashine hiyo. Seva nyingi zimepangwa kufuta logi za zamani zenyewe. Ukichelewa, jibu la swali lako linafutika huku unangoja kiraka, yaani marekebisho ya programu.

Kisha simamisha akaunti za wateja na wakandarasi, huna haja ya kuzima seva nzima. Kama kazi haiwezi kusimama, funga njia ya /api/, ile ambayo programu huombea data, kwenye proksi kwa wote wasio kwenye mtandao wa ofisi. Kurasa kadhaa zitaharibika. Vumilieni.

Sasa kusoma logi. Kwa kasoro ya namba, tafuta akaunti moja iliyoomba kazi nyingi zinazofuatana, 4182, 4183, 4184, kwa sekunde chache, na seva ikajibu 200, yaani imekubali. Mtu wa kawaida habonyezi hivyo. Tafuta pia maombi machache ya polepole: chukua orodha ya wanachama wa kila mradi, linganisha na nani aliomba kazi ya mradi gani. Yeyote aliyepata 200 nje ya mradi wake, muweke pembeni.

Kwa kasoro ya kwanza, mwanangu, logi hazitakusaidia, na ni bora ulijue hilo mapema. Mteja aliyefungua kazi yake halali alitumiwa maoni ya ndani ndani ya jibu hilohilo. Kwenye logi ni ombi safi kabisa. Huwezi kutofautisha aliyebonyeza F12 na asiyebonyeza. Kwa hiyo hesabu kwamba kila oni la ndani lililo kwenye kazi iliyowahi kufunguliwa na mteja limeshatoka nje ya ofisi. Kama kuna nywila au funguo za seva ziliandikwa humo, na huwa zinaandikwa, badilisheni leo.

BintiKanzidata
Naongezea. Ukurasa wa kazi ni mlango mmoja tu. Programu za miradi zina milango ya nyuma mingi mno, na mara nyingi ruhusa hukaguliwa kwenye ule wa mbele peke yake. Kwa akaunti zako za majaribio angalia: kisanduku cha kutafuta, kupakua data kwa faili la CSV (jedwali) na PDF, viungo vya moja kwa moja vya viambatisho, orodha ya majina inayotokea ukiandika @, ukurasa wa shughuli za hivi karibuni, kalenda yenye kiungo cha siri, na kazi zilizounganishwa, ambapo kichwa cha kazi ya mradi wa siri huonekana kwenye mradi wa wazi. Angalia na barua pepe: mtu akiondolewa kwenye mradi, je, bado anatumiwa taarifa za kazi alizokuwa anazifuatilia?

Utafutaji wa majina usiudharau. Januari 2024 taarifa za akaunti zaidi ya milioni 15 za Trello, nayo ni programu ya miradi, zilitangazwa kuuzwa, na njia iliyotumika ilikuwa API iliyokubali kuulizwa wasifu kwa anwani ya barua pepe.

Msimamizi_Seva
Asanteni sana wakuu. Logi nimeshazihamisha, akaunti za nje zimesimamishwa. Nimejaribu milango ya BintiKanzidata. Utafutaji uko salama. CSV inatoa maoni ya ndani. Kiambatisho ni kibaya zaidi: kiungo chake kinafunguka hata kwenye kivinjari ambacho hakijaingia kabisa.

Tatizo jipya ni bosi. Anasema wateja tuwaambie seva iko kwenye matengenezo, tusiwatie hofu. Mimi roho inakataa. Yule mwenzetu aliyeandikwa habari za afya yake hajui lolote.

Wakili_Mtandao
Roho yako iko sahihi. Mwambie bosi kwa maandishi, kwa heshima, ulichogundua na lini, na ubaki na nakala. Sheria za ulinzi wa data za nchi nyingi zinataka taarifa itolewe. Chini ya GDPR ya Ulaya, taasisi ina saa 72 tangu ijue uvujaji kuijulisha mamlaka ya serikali inayosimamia ulinzi wa data, isipokuwa pale ambapo hakuna uwezekano wa watu kudhurika, na habari za afya ziko kwenye kundi linalolindwa zaidi. Someni sheria inayowahusu ninyi, na saa zihesabiwe tangu siku uliyoona lile jibu la seva, si siku bosi atakapokubali.

Huyo mwenzenu aambiwe kwanza, ana kwa ana, kabla ya mteja yeyote. Aambiwe kilichoandikwa ni kipi na nani angeweza kukisoma.

JichoLaTatu
Kuhusu watengenezaji: usifungue tiketi ya wazi kwenye hazina ya msimbo wao, hapo kila mtu anasoma. Tafuta faili ya SECURITY.md kwenye hazina, au /.well-known/security.txt kwenye tovuti yao, utaratibu uliowekwa na RFC 9116 mwaka 2022. Ripoti iwe fupi: toleo mnalotumia, hatua za kurudia kwa akaunti 2, ombi na jibu lenyewe ukiwa umefuta data za kweli, na madhara. Kila kasoro ripoti yake, maana sasa unazo 4. Waombe namba ya CVE, utambulisho rasmi wa kasoro, na mkubaliane tarehe ya kutangaza. Siku 90 ni desturi inayofuatwa na wengi.

Usitangaze kabla. Kuna ofisi nyingine zenye seva kama yako na hazijui kitu.

Msimamizi_Seva
Ripoti zimekwenda na wamejibu, kiraka cha kwanza kinaandaliwa. Mwenzetu tumeshakaa naye, imeumiza lakini ameshukuru kuambiwa. Bosi amekubali barua kwa wateja. Kiraka kikifika, niwafungulie moja kwa moja?

Mzee_wa_Logi
Hapana. Rudia kwanza majaribio yote 4 kwenye nakala ya seva, kwa anwani zilezile. Kazi isiyo yake ijibu 404 (haipo), bora kuliko 403 (huruhusiwi), maana 403 inamthibitishia kwamba kazi hiyo ipo. Kisha futa tokeni zote za API, yaani funguo zinazoingia bila nywila, na viungo vya kalenda vilivyotolewa kabla ya leo. Kwenye programu kadhaa kusimamisha akaunti hakuui tokeni yake, ukiifungua tena inaamka nayo.

Msimamizi_Seva
Nimeangalia sasa hivi. Zipo tokeni za wakandarasi walioondoka zamani, na bado zinafanya kazi. Nazifuta.