UKOO WA DUGA 🌴: hesabu za Zuhura

Shangazi Mwaju: Assalaam aleykum familia. Nimeshika daftari la Zuhura hapa, mtihani wa form two huo umeshafika na milinganyo ya sehemu haijamkaa kabisa. Nataka wawili wa kumsaidia, mmoja kesho jioni mmoja jumamosi. Jibuni

Shangazi Mwaju: Tiki za buluu naziona

Idi: Waaleykum salaam shangazi. Tupia picha

Shangazi Mwaju: 📷 x/(x-3) = 3/(x-3) + 4
Kaandika x = 3, mwalimu kapiga mkasi, mtoto anasema hatua zote kafuata

Idi: Kafuata kweli. Kazidisha pande zote kwa (x-3) akapata x = 3 + 4x - 12, yaani 3x = 9. Sasa irudishe hiyo 3 kwenye swali, chini panakuwa 0 na kugawa kwa 0 hakuna. Swali halina jibu, ndo jibu lenyewe. Zuhu kabla ya kugusa chochote andika pembeni x isiwe 3

Zuhura: sasa kaka kama hatua ziko sawa hiyo 3 imetokea wapi

Idi: Ukizidisha kwa (x-3) umeshakubali kwamba sio 0. Ikiwa 0 basi hata 5 na 8 zinakuwa sawa maana zote zinageuka 0

Anko Hamza: 5 na 8 sawa 😂😂 huyo ni yule muuza samaki wa Deep Sea

Salma: anko alikupimia changu au vichwa 😂

Anko Hamza: Vichwa vitupu mwanangu

Shangazi Mwaju: Samaki baadaye jamani!! Kuna hili jingine, (x+6)/x kakata x na x ikabaki 6

Idi: Hapana hapana. Kinachokatwa ni kinachozidisha, kinachojumlishwa hakikatwi. Weka x = 2 uone, 8/2 ni 4 sio 6. Ila (x²-9)/(x-3) inakatika kwa sababu juu ni (x-3)(x+3), inabaki x+3 na bado x isiwe 3

Shangazi Mwaju: Na la mabomba? Moja linajaza simtanki saa 6, jingine saa 3, yakifunguliwa pamoja kasema saa 9

Idi: Mabomba mawili yachelewe kuliko moja?? Hesabu kazi ya saa moja, 1/6 + 1/3 = 1/2. Nusu tanki kwa saa, basi saa 2

Mama Zuhura: Ndo nashika simu. Kwani simtanki letu lilitoka Pongwe lini maana mi sijaliona

Anko Hamza: Shemeji usianze. Nusu ya lile tanki hela yangu

Mama Zuhura: Wifi Mwaju na baba Zuhura walitoa theluthi mbili. Ongeza na nusu yako shemeji tuone tanki gani hilo

Anko Hamza: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Babu: Nusu na theluthi mbili ni 7 juu ya 6. Kwenye mirathi ipo hiyo, mwanamke kafa kaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume nusu, dada theluthi mbili, mali haitoshi. Hakutolewa mtu, asili, yaani idadi ya mafungu ya mali, ilipandishwa kutoka 6 kuwa 7, mume akachukua 3 dada wakachukua 4, wote wakapungukiwa. La Pongwe nililimaliza siku ya arobaini ya mama yenu. Nisilisikie tena. Idi njoo umfundishe mtoto

Anko Hamza: Sawa baba

Mama Zuhura: Samahani baba

Idi: Nitakuja babu. Jumamosi baada ya alasiri, ila kama bandarini hawajaniita

Shangazi Mwaju: Kama hawajakuita?? Haya, na kesho nani

Zuhura: kaka Idi 1/(x²-4) x isiwe 2 tu?

Idi: na -2 pia. Vizuri umeuliza

Binamu Said Muscat: Assalaam aleykum natoka kazini sasa hivi, meseji zote hizi kuna msiba?

Salma: hamna msiba ni hesabu. shangazi kesho labda mimi

Shangazi Mwaju: Labda ndo ndiyo au ndo hapana Salma